Denari Ileile, Macho Tofauti



Leo tuanze na mabeseni matatu. La kulia lina maji ya moto (ya kuvumilika, tusiunguzane), la kushoto maji ya baridi, la katikati maji vuguvugu. Tumbukiza mkono mmoja kwenye moto na mwingine kwenye baridi, ngoja kama dakika moja, halafu ingiza yote miwili katika beseni la katikati. Mkono uliotoka kwenye moto utakuambia maji haya ni ya baridi. Ule wa pili utakuambia ni ya moto. Maji ni yaleyale, na wewe ni yuleyule! Jambo hili alilieleza John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17. Nilipolisoma kwenye falsafa niliona ni mchezo wa watoto, mpaka nilipolisoma pamoja na Injili.

Fungua Mathayo 20:1-16, mfano wa wafanyakazi katika shamba la mizabibu. Wa kwanza waliajiriwa alfajiri, wakakubaliana denari moja, yaani ujira wa kawaida wa kibarua kwa siku. Wengine wakaja saa tatu, saa sita, saa tisa, na wa mwisho saa kumi na moja. (Hapo Waswahili tunafaidi: hatuhitaji kubadilisha saa za Biblia, ni zetu zilezile.) Jioni kila mtu akapewa denari moja, na wale wa alfajiri wakanung'unika.

Angalia jambo moja ambalo tunalipita haraka. Mwenye shamba aliagiza malipo yaanze na wa mwisho. Kwani angeanza na wale wa kwanza ingekuwaje? Wangepokea denari yao, wakashukuru, wakaenda nyumbani kula na watoto. Asubuhi denari ile ilikuwa neema kwa mtu asiye na kazi. Jioni imekuwa tusi, na hakuna kilichopungua ndani yake. Kilichobadilika ni kilicho pembeni yake: denari ya jirani.

Ndivyo ilivyo kwa kijana aliyepata ajira yake ya kwanza. Mshahara unatosha nauli, chakula na kumtumia mama kidogo. Alipopokea barua alipiga magoti. Miezi mitatu baadaye anaperuzi simu usiku, anakuta mwenzake wa darasani amepiga picha na gari jipya, na ghafla anajipa alama: sifuri. Mshahara haujapungua hata senti.

Tunaopima hivyo nafsi zetu tunawapima hivyo na wenzetu, na hapo hatari inazidi. Mwaka 1946 mwanasaikolojia Solomon Asch alichapisha nchini Marekani majaribio yake kuhusu jinsi tunavyopata picha ya mtu. Kundi moja lilisomewa sifa za mtu fulani: mwerevu, stadi, mchapakazi, mkunjufu, mwenye msimamo, mtu wa vitendo, mwangalifu. Kundi la pili likasomewa zilezile, ila "mkunjufu" ikabadilishwa ikawa "mkavu". Neno moja tu! Walipotakiwa kuchagua kama mtu huyo ni mkarimu au la, zaidi ya asilimia 90 ya kundi la kwanza walisema ni mkarimu. Katika la pili hawakufika asilimia 10. Werevu wenyewe ulibadilika maana. Karibu na ukunjufu ulikuwa hekima, karibu na ukavu ukawa ujanja.

Sasa fikiria uchaguzi wa viongozi wa vijana parokiani. Kabla binti hajasimama kujieleza, mtu ananong'ona, "Huyo ana maringo." Akisema maneno machache, inaitwa dharau. Mwenzake aliyetangulizwa na neno "mnyenyekevu" akisema machache vilevile, anaitwa mpole. Kura zinapigwa, na kila mpiga kura anaapa kwamba amewasikiliza wote sawasawa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2477-2478) inaiita hiyo hukumu ya haraka, nayo ni kosa hata ukiamini ubaya wa mwenzako kimoyomoyo bila msingi wa kutosha. Dawa inayotolewa, kwa kumfuata Mtakatifu Inyasi wa Loyola, ni kulipokea neno la mwenzako kwa maana njema kadiri inavyowezekana, na ukishindwa, kumwuliza yeye mwenyewe alimaanisha nini. Kumwuliza yeye, siyo kuuliza kwenye grupu.

Kuna anayesema, basi tusilinganishe kabisa. Sikubaliani naye. Katika Marko 12:41-44 Yesu mwenyewe analinganisha. Anawaona matajiri wakitia fedha nyingi, anamwona mjane akitia vijisarafu viwili, na anasema mjane ametia zaidi ya wote. Ila hakuviweka vile visarafu pembeni ya fedha za matajiri. Aliviweka pembeni ya mfuko wa mjane, uliobaki mtupu. Naye tajiri akapimwa kwa kile kilichobaki kwake.

Kwa hiyo wiki hii, ukijikuta unampa mtu alama, iwe kwa sauti yake kwaya, mavazi yake au wito wake, jiulize umemweka pembeni ya nani, na nani alikunong'oneza kabla hajafika. Halafu kwenye kikao kijacho someni pamoja Yakobo 2:1-4 na mjadili swali hili bila kuoneana haya: kanisani kwetu, nani hukaribishwa kiti cha mbele, na nani huachwa asimame mlangoni?