Tiba ya Mazungumzo Katika Kikundi: Kiongozi Afanye Nini?

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia ugonjwa usioonekana kwa macho wala kwa darubini. Ni huzuni kubwa isiyokwisha, ambayo wataalamu huiita sonona. Mtu mwenye sonona hukosa raha kwa wiki 2 au zaidi. Hapati usingizi, au hulala kupita kiasi. Hamu ya chakula humwisha. Mambo aliyoyapenda zamani hayamfurahishi tena. Hujiona hana thamani, na pengine hutamani kufa. Huo si uvivu, si kurogwa, wala si upungufu wa imani. Ni ugonjwa, nao una tiba.

Tiba mojawapo ni vidonge anavyoandika daktari. Nyingine ni mazungumzo yenye mpango. Mazungumzo hayo yanaweza kuwa ya watu wawili, yaani mgonjwa na mshauri wake, au yanaweza kufanyika katika kikundi. Leo tutaangalia kikundi, na hasa kazi ya kiongozi wake. Katika parokia zetu wapo wajane, wazazi waliofiwa na watoto, na watu wanaojaribu kuacha pombe. Huenda siku moja wewe au ndugu yako akaalikwa kuingia katika kikundi cha namna hiyo, au akaombwa kusaidia kukiongoza. Kikundi kinachoongozwa vizuri huponya. Kikiongozwa vibaya kinaweza kumwumiza zaidi mtu ambaye alikuja akiwa ameumia tayari.

TIBA HII ILIANZIA WAPI?

Mwaka 1905, katika mji wa Boston huko Marekani, daktari Joseph Pratt alikuwa na wagonjwa maskini wa kifua kikuu. Wakati huo hapakuwa na dawa ya kuua vijidudu vya ugonjwa huo, na wagonjwa hao hawakuwa na fedha za kwenda kukaa katika nyumba maalumu za kutunzia wagonjwa. Dk. Pratt aliwakusanya mara moja kwa wiki, akawafundisha juu ya mapumziko, hewa safi na chakula. Kila mmoja alikuja na daftari alimoandika mambo yake ya kila siku. Fedha za kuendesha darasa hilo zilitoka katika kanisa la Emmanuel la mji huo. Daktari alikusudia kufundisha afya ya mwili, lakini aliona na jambo jingine: wagonjwa walitiana moyo. Mmoja akiongezeka uzito, wengine nao walipata matumaini.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, madaktari wa Uingereza walitumia vikundi kuwatibu askari waliovurugika akili kwa vita. Mwaka 1970 Irvin Yalom, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, alitoa kitabu juu ya nadharia na utendaji wa tiba hii, kitabu ambacho wanafunzi wa kazi hiyo wanakisoma hadi leo.

MFANO WA JIRANI ZETU

Wengine watasema, "Hayo ni mambo ya Ulaya." Basi tuangalie Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai. Rakai inapakana na mkoa wetu wa Kagera, na sehemu hizo zilipigwa vibaya na UKIMWI. Mwaka 2002 watafiti walichagua vijiji 30. Katika vijiji 15 walianzisha vikundi vya watu wenye sonona, wanawake peke yao na wanaume peke yao. Vikundi vilikutana mara moja kwa wiki, kwa dakika 90 hivi, kwa wiki 16. Viongozi hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa huko huko wanaojua Kiganda, waliofundishwa kwa wiki 2 kisha wakasimamiwa na wenye ujuzi zaidi.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2003. Kabla ya vikundi kuanza, watu 86 katika kila 100 walioandaliwa kuingia katika vikundi walikuwa na sonona. Baada ya wiki 16 walibaki kama 6 au 7 tu katika kila 100. Katika vijiji visivyo na vikundi, watu 94 katika kila 100 waliochunguzwa walikuwa na sonona mwanzoni, na mwishoni walibaki kama 55. Miezi 6 baadaye nafuu ya wale wa vikundi ilikuwa ingalipo. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuendesha vikundi vya namna hii, ukiwa na mikutano 8.

KWA NINI KIKUNDI KINAPONYA?

Dk. Yalom alitaja mambo 11 yanayoponya katika kikundi. Tutaje manne tu.

1. Kujua kwamba huko peke yako. Mama aliyefiwa na mtoto hudhani ni yeye tu anayeona hasira kila asikiapo watoto wa jirani wakicheza. Akisikia mwenzake akisema hayo hayo, mzigo wa aibu hupungua.

2. Matumaini. Mtu anayemwona mwenzake aliyekuja wiki 5 zilizopita akiwa hawezi kuinua kichwa, na leo anacheka, huanza kuamini kwamba na yeye atapona.

3. Kusaidia wengine. Mwenye sonona hujiona hafai kitu. Siku atakapomfariji mwingine na kuambiwa, "Maneno yako yamenisaidia," atakuwa amepata ushahidi wa kupinga mawazo yake mabaya.

4. Kujifunza kuishi na watu. Anayegombana nyumbani huenda akagombana na ndani ya kikundi. Lakini humo atasikilizwa, ataambiwa ukweli kwa upole, na atajaribu njia nyingine.

Mtaona kwamba katika mambo hayo yote dawa inatoka kwa wanakikundi wenyewe. Kwa hiyo kiongozi si mhubiri wala hakimu. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba watu wanaogopa kidogo na wanasema kweli, ili wasaidiane.

KAZI YA KIONGOZI HATUA KWA HATUA

Kabla ya kuanza. Kiongozi huonana na kila mtu peke yake. Humwuliza anasumbuliwa na nini, tangu lini, na kulitokea nini wakati huo. Katika njia iliyotumika Uganda walitafuta chanzo katika mambo matatu: kufiwa, ugomvi na mtu wa karibu, au badiliko kubwa la maisha kama vile kuugua, kuolewa au kupoteza shamba. Kiongozi humweleza mtu jinsi kikundi kinavyoendeshwa na kumwacha achague mwenyewe. Mtu asiingizwe kwa kulazimishwa na mume, mkwe au paroko. Watu 6 hadi 10 wanatosha. Wasiwekwe pamoja mtu na anayemwogopa, kwa mfano mama na mkwewe wanaogombana.

Mikutano ya kwanza. Watu wakae kwa duara, mahali ambapo maneno hayasikiki nje. Saa ya kuanza na ya kumaliza ifuatwe. Kisha kikundi kikubaliane juu ya siri: yanayosemwa hapa hayatoki, hata kwa mume au mke. Hapa tuseme wazi kwamba kikundi hiki si mkutano wa jumuiya ndogo ndogo, wala si maungamo. Padre au katekista anaweza kutoa chumba, lakini habari za ndani hazipelekwi kwake. Kiongozi aseme tangu mwanzo kwamba siri ina mpaka mmoja: uhai wa mtu ukiwa hatarini, atatafuta msaada.

Mikutano ya katikati. Kila wiki kiongozi humwuliza kila mmoja: "Tangu tulipoonana, huzuni yako imezidi au imepungua? Kulitokea nini?" Swali hili ni dogo lakini lina kazi kubwa. Baba anayejibu, "Siku ya Jumatano nilishindwa kuamka," akiulizwa vizuri atakumbuka kwamba Jumanne usiku aligombana na kaka yake juu ya mpaka wa shamba. Hapo atauona uhusiano kati ya huzuni yake na mambo ya maisha yake. Kisha wenzake watafikiri pamoja naye: ni nani anayeweza kwenda kusema na kaka huyo? Yeye mwenyewe aanze na maneno gani? Hata wanaweza kuigiza mazungumzo hayo mbele ya kikundi kabla hajaenda nyumbani.

Mikutano ya mwisho. Mwisho usije kwa ghafla. Waliofiwa huona kila kuagana kama msiba mpya. Kiongozi ahesabu pamoja nao: "Tumebakiza mikutano mitatu." Kila mmoja aseme amebadilika nini, dalili gani zitamwonyesha kwamba ugonjwa unarudi, na atamwendea nani zikitokea.

SHIDA ZINAZOTOKEA

Msemaji sana. Huyu akiachwa, wengine watachoka na kuacha kuja. Kiongozi aseme kwa heshima: "Asante, baba, umetueleza mengi. Sasa tuwasikie na wenzetu." Asimwaibishe, kwa maana mara nyingi mtu husema sana kwa sababu ya hofu.

Mkimya. Asilazimishwe. Yatosha kumwambia: "Mama, nimeona ulitikisa kichwa mwenzako alipokuwa anasema. Kuna neno lililokugusa?" Akikataa, aachwe, na wiki ijayo aulizwe tena.

Mwenye ushauri wa haraka. Mtu anaeleza jinsi mumewe anavyokunywa mshahara wote, na mara mmoja anadakia: "Mwache urudi kwenu!" Mwingine anasema: "Vumilia tu, ndoa ni msalaba." Wote wawili wamemfunga mdomo. Kiongozi aseme: "Kabla ya kumshauri, nani kati yetu amepitia hali kama hii? Ilikuwaje kwake?" Na kiongozi mwenyewe ajizuie. Akianza kutoa majibu, watu watamgeukia yeye kila mara na kuacha kusikilizana.

Anayelia. Tumezoea kusema, "Nyamaza, ni mapenzi ya Mungu." Mara nyingi tunasema hivyo kwa sababu machozi yake yanatusumbua sisi. Aachwe alie, wenzake wakiwa naye. Anayemlilia marehemu apewe nafasi ya kumkumbuka kwa mazuri na kwa magumu pia. Kwetu si vizuri kumsema marehemu vibaya, na hali ndiyo hiyo Uganda. Kule viongozi waliuliza kwa upole kama kuna nyakati ambazo marehemu aliwavunja moyo. Waliulizwa hivyo waliweza kusema waliyoyaficha bila kujiona wamemkosea aliyelala.

Anayeonewa. Wakati mwingine kikundi kizima humgeukia mtu mmoja na kumlaumu. Hapo kiongozi asikae kimya. Asimamishe maneno na kuuliza: "Tunafanya nini sasa hivi kwa mwenzetu?" Kikundi kikiweza kujitazama kinavyotenda wakati ule ule, watu hujifunza mengi kuliko kwa mafundisho.

MIPAKA YA KIKUNDI

Wako watu ambao kikundi peke yake hakiwatoshi. Anayesikia sauti zisizokuwepo, aliyechanganyikiwa, au asiyekula wala kunywa kwa huzuni apelekwe hospitali. Mlevi anayetetemeka na kutoka jasho anapoacha pombe naye anahitaji daktari kwanza, kwa sababu kuacha kwa ghafla kunaweza kumletea degedege. Anayepigwa nyumbani asishauriwe kwenda kuongea na anayempiga. Kwanza atafutiwe usalama.

Na anayetamani kufa je? Aulizwe wazi: "Je, unafikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba swali hilo litampa wazo. Sivyo. Kumwuliza hakumpi wazo, bali humpa nafasi ya kusema. Akikubali, asiachwe peke yake. Dawa za shambani, kamba na visu viondolewe karibu naye, na apelekwe kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo. Mtu anayetumia vidonge vya daktari asiviache kwa sababu tu ameanza kuhudhuria kikundi.

Kiongozi naye ana mipaka. Asianze bila kufundishwa. Awe na mtu mwenye ujuzi, kama vile muuguzi wa afya ya akili au daktari, wa kuzungumza naye mara kwa mara juu ya kazi hii. Wakiwa viongozi wawili ni vizuri zaidi: mmoja anapomsikiliza anayesema, mwingine anawatazama walionyamaza.

FAMILIA IFANYE NINI?

Ikiwa mwenzenu nyumbani anahudhuria kikundi, msimwulize wengine walisema nini. Mpeni nafasi aende kila wiki, hata kama ni msimu wa kupalilia. Akirudi amechoka au ana machozi, msidhani tiba imeshindikana. Mara nyingi mikutano ya mwanzo huwa migumu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Msimfiche ndugu yenu kwa kuogopa maneno ya watu. Anzeni kwa kwenda naye kituo cha afya mkaulize msaada uliopo karibu.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Je, kuna mtu katika familia yetu ambaye amekosa raha kwa muda mrefu? Nani amemwuliza hali yake, na lini?
2. Mtu akitueleza shida yake, je, tunamsikiliza mpaka amalize, au tunamkatiza kwa ushauri?
3. Katika mtaa au kijiji chetu, ni nani anayejua kutunza siri?
4. Kituo cha afya kilicho karibu nasi kina nani wa kuwahudumia wagonjwa wa akili, na siku gani?