Utungaji: Insha ya Hoja Kuhusu Pikipiki za Umeme

Insha ya hoja humtaka mtahiniwa apime pande mbili za jambo, kisha atoe msimamo wake. Watahiniwa wengi hupoteza alama kwa sababu mbili: huorodhesha faida na hasara bila kuamua, au huamua bila kutoa sababu. Katika somo hili tutajibu swali moja hatua kwa hatua.

Swali

"Pikipiki za umeme zinafaa kwa biashara ya bodaboda." Jadili kauli hii kwa insha yenye maneno yasiyopungua 250 na yasiyozidi 300. Tumia mifano ya mazingira unayoishi.

Hatua ya 1: Elewa mada

Chombo cha umeme huendeshwa na mota inayopata nguvu kutoka kwenye betri, na betri hiyo huchajiwa kwa umeme. Chombo mseto, ambacho wengi hukiita haibridi, kina injini ya petroli pamoja na mota. Mfano ni gari la Toyota Prius, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 1997. Haibridi ya kawaida haichomekwi ukutani: betri yake huchajiwa na injini, na pia dereva anapofunga breki. Usichanganye viwili hivi. Swali linahusu pikipiki za umeme, hivyo aya nzima juu ya haibridi itakuwa nje ya mada.

Hatua ya 2: Piga hesabu kabla ya kuandika

Tuchukulie petroli ni shilingi 3,000 kwa lita, na lita moja huipeleka pikipiki kilometa 40. Tuchukulie pia uniti ya umeme ni shilingi 360, na kilometa 100 humaliza uniti 4.

- Petroli kwa kilometa 100: lita 2.5 × 3,000 = shilingi 7,500.
- Umeme kwa kilometa 100: uniti 4 × 360 = shilingi 1,440.
- Kinachookolewa: shilingi 6,060 kwa kilometa 100.

Sasa tuseme pikipiki ya umeme imezidi bei ile ya petroli kwa shilingi 1,500,000. Dereva wa kilometa 100 kwa siku, akifanya kazi siku 25 kwa mwezi, huokoa shilingi 151,500 na kurudisha fedha hiyo kwa miezi 10 hivi. Dereva wa kilometa 20 huokoa shilingi 1,212 tu kwa siku, naye atahitaji karibu miezi 50. Chombo ni kilekile, lakini jibu ni tofauti. Hapo ndipo msimamo wako unapopatikana.

Hatua ya 3: Andika

PIKIPIKI ZA UMEME NA BIASHARA YA BODABODA

Pikipiki ya umeme huendeshwa na mota na betri badala ya injini na petroli. Kwa bodaboda, uzuri wa chombo hupimwa kwa fedha inayobaki mfukoni jioni baada ya kupeleka hesabu kwa mwenye pikipiki. Kwa kipimo hicho, pikipiki ya umeme inamfaa dereva anayezunguka kutwa na mwenye mahali pa uhakika pa kuchaji.

Kwanza, gharama ya nishati ni ndogo. Dereva wa Buswelu anayekwenda kilometa 100 kwa siku hutumia takribani lita mbili na nusu za petroli. Lita ikiuzwa shilingi 3,000, analipa shilingi 7,500. Umeme wa safari hizohizo hauzidi shilingi 1,500.

Pili, matunzo ni machache. Mota haihitaji kumwagwa oili, wala haina plagi na kabureta. Siku ambayo ingepotea gereji hutumika kubeba abiria.

Tatu, umeme huzalishwa hapa nchini. Bwawa la Julius Nyerere pekee lina uwezo wa kuzalisha megawati 2,115, ilhali petroli huagizwa nje kwa fedha za kigeni.

Hata hivyo, zipo kasoro. Bei ya kununua huwa juu, na betri huchakaa kadiri inavyochajiwa. Kuchaji huchukua saa kadhaa, ilhali kujaza petroli ni dakika chache. Milima ya Mwanza humaliza betri haraka kuliko barabara ya tambarare. Umeme ukikatika usiku, dereva huamka hana kazi. Mafundi wanaoijua pikipiki hii pia bado ni wachache.

Baadhi ya kasoro hizi zina dawa. Kigali, nchini Rwanda, kampuni ya Ampersand ina vituo ambako dereva huacha betri iliyoisha na kuchukua iliyojaa kwa dakika chache. Vituo kama hivyo vikiwapo Buswelu, Nyakato na Kirumba, dereva hatapoteza saa za kazi akisubiri betri ijae.

Kwa hiyo, kauli hii ni kweli kwa sharti. Anayebeba abiria kutwa na ana pa kuchaji, achukue ya umeme. Mwenye safari chache, au anayeishi pasipo na umeme wa uhakika, asikope kwa kufuata mkumbo. Petroli bado inamfaa.

Mambo ya kuzingatia

1. Msimamo umetajwa katika utangulizi na kurudiwa katika hitimisho kwa maneno mengine.
2. Kila hoja ina aya yake na uthibitisho wake.
3. Upande wa pili haukudharauliwa. Kasoro zimetajwa kwa uzito wake.
4. Epuka kutia chumvi. Ukiandika kwamba pikipiki ya umeme "haichafui mazingira kabisa", utakuwa umekosea: sehemu ya umeme wetu hutokana na gesi asilia, na betri iliyokufa nayo ni taka yenye madhara.

Zoezi

Mwalimu anayeishi Buswelu anataka kununua gari la haibridi lililotumika kutoka Japani. Andika insha ya kumshauri. Dokezo: haibridi hupunguza matumizi ya petroli, hasa kwenye foleni, na haihitaji chaja, lakini ina mifumo miwili ya kutengeneza, na betri ya gari kuukuu huenda imechoka.