Somo la Usalama Barabarani: Kufunga Mzigo kwenye Lori Lisilo na Kuta

Dereva anayetoka Maktau kuelekea Mwatate anajua jambo ambalo wa mjini hulisahau: tembo hapigi honi. Hutokea kichakani, husimama katikati ya lami, na dereva hana budi kukanyaga breki mpaka mwisho. Lori husimama. Swali la somo letu ni hili: je, mzigo nao utasimama?

Kaunti yetu ipo kwenye njia panda. Barabara kuu ya Mombasa hadi Nairobi hupita Maungu, Voi na Manyani, na ile ya Voi, Mwatate na Taveta hutupeleka hadi mpakani Holili. Ingawa reli ya kisasa hubeba makontena, vyuma vya ujenzi, mabomba, mbao, mitambo na marobota ya mkonge bado tunayaona kila siku juu ya malori yasiyo na kuta. Kandokando ya barabara hizo kuna wanafunzi, wachuuzi na bodaboda.

Lori likifunga breki, mzigo hutaka kuendelea na safari kwa mwendo uleule uliokuwa nao. Katika kukadiria ufungaji, wahandisi huchukulia kwamba breki kali huweza kusukuma mzigo mbele kwa nguvu ya hadi asilimia 80 ya uzito wake, na kona kali huusukuma kando kwa asilimia 50. Basi tani 10 za mkonge zinaweza kuusukuma ukuta wa mbele, ule ulio nyuma ya kichwa cha dereva, kwa nguvu ya tani 8. Wanaosema "mzigo huu ni mzito, hauendi popote" wamekosea hapo: uzito wenyewe ndio unaosukuma.

Tuchukue mfano. Lori la ekseli tatu linapakia Mwatate marobota 40 ya mkonge, kila moja kilo 250. Jumla ni tani 10, na mzigo umechukua urefu wa mita 7 wa sakafu. Mikanda mingapi inatosha?

Kanuni za Marekani zinaeleweka kwa urahisi, na mtu anaweza kuzitumia hata hapa kama kipimo. Kwanza, jumla ya nguvu za kazi za mikanda yote isipungue nusu ya uzito wa mzigo. Kwetu ni tani 5. Mkanda wenye lebo ya kilo 1,500 ukitumika mara nne unatupa kilo 6,000, kwa hiyo tumevuka. Pili, hesabu urefu: mikanda miwili kwa mita 3 za kwanza, kisha mmoja kwa kila mita 3 zinazofuata au sehemu yake. Mita 7 zinatupa tena minne. Majibu mawili yakitofautiana, fuata lililo kubwa. Mkanda usio na lebo usiuhesabu, maana hujui nguvu zake. Uliochanika au uliofungwa fundo uweke kando. Fundo moja tu laweza kuukata mkanda nusu ya nguvu zake au zaidi.

Hesabu hiyo peke yake haitoshi, kwa kuwa pembe nayo ina neno. Mkanda unaopita juu ya mzigo na kushuka wima hukandamiza kwa nguvu zake zote. Ukilala hadi digrii 30 kutoka sakafuni, nguvu ya kukandamiza hubaki nusu. Ndiyo sababu mzigo mfupi, kama vyuma vilivyolazwa, ni mgumu kuushika kuliko unavyoonekana. Huo uegemeze kwenye ukuta wa mbele, uzuie kwa kabari, na uweke mipira chini yake, kwa maana chuma juu ya chuma huteleza kama sabuni. Mtambo wa magurudumu au minyororo yake ufungwe kwa minyororo kwenye pembe zote nne, breki zake zikiwa zimefungwa na mkono wa kuchimbia umeshushwa. Kamba hapo si mahali pake.

Sisi watu wa kaunti ya mkonge tutasamehewa kuipenda kamba ya katani. Lakini kamba hiyo ikilowa hujikaza, na ikikauka hulegea. Anayefunga mzigo Wundanyi asubuhi kwenye ukungu, kisha akashuka kwenye jua la Voi, atafika na kamba iliyolegea bila mtu kuigusa. Itumie kushikilia turubai tu.

Marobota nayo hushindiliana njiani, na mkanda uliokazwa vizuri Mwatate unakuwa umelegea mkifika Voi. Simameni hapo, dereva na utingo wazunguke lori zima, kila mmoja upande wake, na kukaza upya. Anayetoka bandarini Mombasa akague ndani ya kilomita 80 za kwanza, yaani kabla ya kufika Mackinnon Road, kisha kila baada ya saa tatu. Pale mkanda unapopita kwenye ncha kali, weka kipande cha mpira au mbao.

Kuhusu uzito, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani na tani 18 kwa ekseli mbili za nyuma zilizo pamoja. Lori letu la mfano lisizidi tani 26 kwa jumla, likiwa na mzigo wake. Mzigo ukirundikwa nyuma kabisa, ekseli za nyuma zaweza kupita kiwango hata kama jumla iko sawa, na usukani ukawa mwepesi kwenye kona za kushuka kutoka Wundanyi. Mizani ya Mariakani itakuonyesha kosa la kwanza. La pili utaligundua mwenyewe kwenye mteremko.

Vifaa vingine havina maneno mengi: mikanda ya akiba, kabari mbili za magurudumu, kizimamoto, vibao vya kuakisi mwanga nyuma, na pembetatu mbili za tahadhari. Matawi ya miti barabarani usiku hayaakisi mwanga, na mara nyingi huachwa hapo lori likishaondoka.

Abiria juu ya mzigo hapana, hata kama ni jirani anayekwenda sokoni Taveta na mvua imeanza. Mkanda ukikatika, yeye ndiye wa kwanza kuanguka, na marobota humfuata.