Dondoo muhimu: Warsha ya uandishi bunifu kwa mwajiriwa

Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi huku akitunga. Ajira haizuii kuandika, ila ratiba mbovu huzuia.

• Uliza saa kabla ya ada. Dar es Salaam, warsha ya saa 11 jioni itamkuta anayetoka kazini Posta bado kwenye foleni ya mwendokasi. Jumamosi asubuhi ni afadhali.

• Uliza mtakuwa wangapi. Kikundi kikizidi watu 12, hadithi yako haitasomwa kwa makini, na usomaji huo ndio unaolipia. Mwezeshaji mzuri huomba miswada mapema, huwagawia wenzako nakala, kisha humtaka mwandishi asikilize kwanza bila kujitetea. Ukiona ni mihadhara mitupu, tafuta kwingine.

• Nenda na kurasa tatu au nne zilizochapwa, hata kama hazijakamilika.

• Siri za ofisi na majina ya wateja yasiingie kwenye hadithi.

• Jiwekee lengo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, hupokea miswada ya Kiswahili. Peleka wako.