Paka na Simbilisi Chini ya Paa Moja

Mjini Eldoret paka ana kazi. Uasin Gishu ni kaunti ya mahindi, na nyumba yenye gunia hata moja stoo haikosi panya. Kwa hiyo mtoto anapoletewa simbilisi wawili, wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaolia wii-wii kila wanaposikia mfuko wa mboga ukifunguliwa, ushauri wa kumfukuza paka haufai. Paka akiondoka panya wataingia, na panya mkubwa anaweza kumuua mtoto wa simbilisi. Wote wabaki. Kinachotakiwa ni mpaka wa mbao na waya ambao hautegemei tabia ya paka hata kidogo.

Nalisisitiza hili kwa sababu watu wengi huanza na mafunzo. Humleta paka karibu, humwonyesha simbilisi, humpiga kofi akinyemelea, na baada ya wiki chache husema amezoea. Kofi humfundisha jambo moja tu: asinyemelee wewe ukiwa pale. Simbilisi anapokimbia ghafla sakafuni hufanana kabisa na panya, na mwili wa paka hujibu kabla hajakumbuka kofi la nani. Hata paka aliyelelewa nao tangu akiwa mdogo, anayelala kando ya kizimba kama malaika, asiachwe nao peke yao.

Anza na wavu. Maduka ya vifaa vya ujenzi huuza wavu wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita, na wengi huuchukua kwa kuwa ni rahisi. Huo humzuia kuku asitoke, lakini haumzuii paka asiingize mguu. Keti utazame paka aliyekaa mbele ya wavu huo: huulaza mguu wa mbele ubavu, huupenyeza taratibu hadi karibu na bega, kisha hufungua kucha na kuvuta. Simbilisi aliyejibanza pembeni ya kizimba, akidhani amejificha, ndiye anayenaswa. Ulizia ule wavu mgumu wa matundu ya mraba ya nusu inchi, unaotumika kuanikia kahawa. Ukiwa tayari umeshanunua wa kuku, funika futi moja ya chini kwa ubao mzima pande zote, kisha ongeza tabaka la pili la wavu kwa nje, likiachana na la kwanza kwa upana wa kiganja. Wavu upigiliwe upande wa nje wa fremu, misumari ya kukunja ikiwa karibu karibu, ili paka akiuegemea uzidi kubana mbao badala ya kubanduka.

Kifuniko ndicho husahauliwa. Simbilisi hawajui kuruka juu wala kukwea, ukuta wa futi moja na nusu unatosha kuwaweka ndani, kwa hiyo fundi asiyeambiwa habari za paka atakutengenezea kitu kama beseni kubwa lililo wazi juu. Mwambie mapema. Kifuniko kiwe na bawaba upande mmoja na komeo la kusukuma upande wa pili, wala si kindoano cha waya ambacho paka hukifungua kwa kukigonga gonga. Kiwe imara kiasi cha kubeba kilo tano bila kubonyea, maana mahali penye joto la wanyama paka atapanda kulala. Afadhali kiwe na mteremko, paka hakai raha mahali panapoteleza.

Ukubwa wa sakafu usiubanie. Futi mbili kwa nne ni kiasi cha chini kwa simbilisi wawili, na pakipatikana nafasi zaidi, ongeza. Sakafu iwe ya ubao, si ya wavu, kwa sababu nyayo zao ni laini na wavu huzitia vidonda. Tandika maranda na nyasi kavu. Maranda ya mtarakwa yenye harufu kali yaepukwe, yanawadhuru mapafu. Na ndani weka visanduku vya kujifichia, kimoja kwa kila mnyama, kila kimoja kikiwa na milango miwili. Chenye mlango mmoja huwa mtego: anayefukuzwa na mwenzake hukwama humo, na anayeogopa paka huganda ndani asitoke kula.

Kuganda huko kuchukuliwe kwa uzito. Waya unaweza kuwa mzima na simbilisi akafa. Anapotazamwa na paka kwa saa nyingi hunyamaza, macho hutoka, hali wala hanywi, na tumbo lake halistahimili kukaa tupu. Asipokula nusu siku hali ni ya hatari. Kwa hiyo upande wa kizimba unaoelekea njia ya paka uzibwe kwa ubao au leso nene, na kizimba kiinuliwe juu ya meza imara au miguu ya futi tatu, ili simbilisi asiwe anamtazama paka jicho kwa jicho. Bora zaidi ni chumba chenye mlango unaofungwa, na mlango huo ufungwe hasa jioni na alfajiri, saa ambazo paka huwinda kwa nguvu.

Hapa Eldoret, tukiwa mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, baridi yenyewe inataka walale ndani. Asili yao ni milima ya Andes, kwa hiyo mwinuko hauwasumbui, lakini wa kufugwa hustarehe kwenye nyuzi 18 hadi 24, na usiku wa Julai hapa hushuka chini sana ya hapo. Kule Kivu ya Kusini, nchini Kongo, familia nyingi huwafuga wakitembea huru kwenye sakafu ya jikoni, wakiokota maganda na kujificha chini ya kitanda. Mtindo huo usiuige ikiwa nyumba yako, au ya jirani mnayeshiriki ploti, ina paka. Katika nyumba za mabanzi za mitaa yetu ya Langas au Huruma paka wa watu hupita kati ya ukuta na bati kama mlangoni. Ziba nafasi hizo kwa wavu uleule wa kahawa.

Mchana wenye jua wapeleke nyasini. Ile nyasi ya kikuyu iliyojaa kwenye viwanja vyetu wanaipenda sana. Waweke ndani ya fremu yenye wavu juu na pande zote, uzito wa kutosha paka asiweze kuipindua, kivuli upande mmoja, na mtu mzima akiwa pale. Mtoto wa darasa la pili si mlinzi, ataitwa dukani.

Sasa paka mwenyewe. Kuna imani kwamba paka akishiba hawindi, ndiyo maana wengi humshibisha ugali mtupu. Paka huwinda hata akiwa ameshiba, ila aina ya chakula ina uzito wake. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walichapisha matokeo kwamba paka waliopewa chakula chenye nyama nyingi walileta nyumbani windo pungufu kwa asilimia 36, na waliochezeshwa dakika 5 hadi 10 kila siku pungufu kwa asilimia 25. Kengele shingoni haikuleta tofauti ya maana. Basi mpe omena, mvutie kamba yenye kitambaa jioni ajichoshe, halafu bado ufunge komeo.

Robota la nyasi kavu za kutandika lifunikwe na liinuliwe. Paka hupenda kulala juu yake, na wengine hunya humo. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba toksoplasma, inayoweza kuwadhuru simbilisi na vilevile mama mjamzito anayetandika nyasi hizo kwa mikono. Viroboto na mashilingi, yaani choa, navyo huhama kutoka paka hadi simbilisi hadi watoto, kwa hiyo watibiwe wote kwa pamoja. Lakini soma kibandiko: dawa yenye permethrini, inayouzwa kwa ajili ya mbwa au kuku, inaweza kumuua paka.

Ikitokea paka ameshika simbilisi, usisubiri uone kama atapona. Mdomo wa paka una bakteria waitwao Pasteurella, na jino lake huacha tundu dogo ambalo manyoya hulifunika. Mnyama huonekana mzima leo, na kesho au keshokutwa amekufa. Mfunge kwa taulo, mweke kwenye katoni yenye giza na joto, safisha tundu kwa maji ya chumvi, umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Usimpitishe agroveti kuchomwa penisilini. Dawa hiyo na jamii yake, pamoja na amoksisilini, huua bakteria wema wa utumbo wa simbilisi na kuacha wenye sumu waongezeke. Wengi hufa kwa dawa wakati jeraha limeanza kupona. Mtajie daktari kwamba ni simbilisi na kwamba ameumwa na paka, umuulize kuhusu enrofloksasini au dawa ya salfa yenye trimethoprimu. Ukirudi nyumbani mpe hoho na sukuma wiki kidogo kidogo, maana mwili wake, kama wetu, haujitengenezei vitamini C, na uhesabu kila saa anachokula.