SOMO LA WIKI: Pima mtandao wa nyumbani kabla ya kununua mwingine

Mfanyabiashara anayefuatilia bei za mazao na za hisa kwa kompyuta akiwa nyumbani hupata hasara ya kweli mtandao unapokwama. Oda iliyotakiwa imfikie dalali kabla soko halijafungwa hubaki njiani, na bei ya kesho si ya leo. Wengi wakiona hivyo hukimbilia kulipia kifurushi kikubwa zaidi au kununua ruta mpya. Mara nyingi fedha hizo hupotea bure, kwa sababu hitilafu haikuwa pale walipolipia.

Ieleweke kwamba intaneti ya nyumbani husafiri kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutoka kwa kampuni ya intaneti hadi kwenye ruta, yaani kile kisanduku chenye taa. Ya pili ni kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta au simu, nayo hupita hewani kwa mawimbi ya redio. Kampuni hukuuzia njia ya kwanza. Ya pili hutegemea nyumba yako na vifaa vyako. Ni sawa na mahindi yanayotoka Kibaigwa na kufika ghalani yamepungua. Mwenye mali hupima mzigo unakopakiwa, akapima tena unakoshushwa, ndipo ajue ulikopungukia.

Kufunga mtandao

Weka ruta katikati ya nyumba, mahali palipoinuka kama juu ya kabati. Usiifiche nyuma ya friji, kioo kikubwa au tangi la maji, kwa kuwa chuma na maji hudhoofisha mawimbi. Kuta za zege lenye nondo nazo hupunguza nguvu sana. Aidha, iwe mbali na jiko la maikrowevu, ambalo hutumia masafa yanayokaribiana na yake.

Ruta nyingi za siku hizi zina masafa mawili. Gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini husongamana kwa sababu majirani nao wamo humo. Hapo chagua chaneli 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani. Gigahezi 5 zina kasi kubwa ila hazifiki mbali, hivyo zinafaa chumba kilicho karibu na ruta.

Kuhusu usalama, badili neno la siri la kuingilia kwenye ruta na lile la mtandao wenyewe, kisha chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Ulinzi wa zamani wa WEP ulijulikana tangu mwaka 2001 kuwa unavunjika. Kama ruta inaruhusu, wageni na wapangaji wape mtandao wao wa pembeni, wasiingie ule unaotumika kwa fedha zako.

Kutafuta hitilafu

Kwanza, unganisha kompyuta na ruta kwa kebo, zima vifaa vingine, kisha pima kasi saa ile ile ambayo huwa inakusumbua. Pili, chomoa kebo upime bila waya ukiwa karibu na ruta. Tatu, pima ukiwa kwenye meza yako ya kazi. Andika namba zote tatu.

Kasi ikiwa ndogo hata kwa kebo, na kebo yenyewe ni nzima, tatizo huenda liko upande wa kampuni. Piga simu ukiwa na namba, tarehe na saa. Malalamiko yenye vipimo husikilizwa upesi. Kebo ikiwa nzuri lakini pasipo waya ni mbaya hata karibu, badili chaneli au masafa, au kompyuta yenyewe imepitwa na wakati. Karibu ikiwa nzuri na mezani mbaya, tatizo ni umbali na kuta. Sogeza ruta, au vuta kebo hadi mezani.

Usichanganye vipimo. Kampuni huuza kwa megabiti, na kompyuta mara nyingi huonyesha faili likishuka kwa megabaiti. Baiti moja ni biti 8, hivyo megabiti 20 kwa sekunde ni megabaiti 2.5 tu. Aliyeona 2.5 hajapunjwa.

Kompyuta ikionyesha imeunganishwa lakini hakuna kinachofunguka, tazama anwani yake. Ikianza na 169.254, haikupewa anwani na ruta. Zima ruta, iwashe, kisha uunganishe upya. Kama umeongeza ruta ya pili, hakikisha ni moja tu inayogawa anwani.

Mwisho, umeme ukikatika ruta huzimika hata kama kompyuta ina betri. Nunua betri ndogo ya akiba ya ruta, na ujaribu mapema kuunganisha kompyuta kwa intaneti ya simu, siyo siku ambayo soko limechachamaa.

Kebo ya mita 15 hulipiwa mara moja, na kifurushi kikubwa hulipiwa kila mwezi. Kabla ya kuongeza gharama ya kudumu, tumia nusu saa kupima.