Bei ya Kijiwe na Masanduku ya Michezo ya Simu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na aali zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Somo letu hili latoka katika mlango wa bei, yaani mlango wa kuuza na kununua. Twataka kueleza jambo moja ambalo vijana wetu hulifanya usiku na mchana, na baadhi ya watu wazima hulifanya pamoja nao, wala hapana alihisabuye kuwa ni bei, sembuse kuwa ni kamari. Jambo lenyewe ni kununua pakiti na masanduku yaliyofungwa ndani ya michezo ya simu na ya kompyuta.

Abu Huraira (R.A.) amepokea, na Imamu Muslim ameitia katika Sahihi yake, kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza bei ya kijiwe na bei ya gharari. Gharari ni kila bei ambayo mwisho wake umefichikana: samaki aliye baharini hajavuliwa, ndege aliye angani, ngamia aliyepotea. Ama bei ya kijiwe, Imamu Nawawi katika sharhe yake ametaja tafsiri tatu, na moja katika hizo ndiyo itufaayo hapa. Ni mtu mwenye nguo nyingi kumwuzia mwenziwe ile moja itakayoangukiwa na kijiwe kitakachorushwa. Fedha yajulikana kiasi chake, nguo zote zaonekana kwa macho, na mnunuzi ana yakini kwamba ataondoka na nguo. Kisichojulikana ni kimoja tu: nguo ipi. Na kwa hicho kimoja bei ikaharibika.

Mwanafunzi asomapo maneno haya chuoni hucheka. Huona kuwa ni ujinga wa watu wa zamani uliokwisha kwenda zake pamoja nao. Nani katika sisi anunuaye nguo kwa kijiwe? Mtu wa pwani aendaye kununua kikoi hukishika, hukikunjua, hutazama pindo zake kwenye mwanga, kisha hushindana bei mpaka mwenye duka achoke. Akenda sokoni, hamnunui samaki ila amefunua mashavu yake kwanza akaona wekundu wake. Lakini mtu huyo huyo, au mwanawe, usiku hulala chali na simu mkononi, akalipia kitu asichokiona wala asichokijua, na asubuhi hana khabari kwamba amefanya bei ya kijiwe.

Tuutazame mchezo mmoja ujulikanao sana. Mchezo wa mpira wa kampuni ya Electronic Arts uliitwa FIFA mpaka mwaka wa 2023, kisha ukaitwa EA Sports FC. Tangu mwaka wa 2009 mna ndani yake sehemu iitwayo Ultimate Team. Mchezaji hujiundia timu kwa karata zenye majina na sura za wachezaji wa kweli wa duniani. Karata hizo aweza kuzipata kwa kucheza sana na kukusanya sarafu za mchezo. Na aweza pia kutoa fedha yake akanunua pointi, na kwa pointi akanunua pakiti. Pakiti hufunguka kwa taa na vishindo kama vya harusi, na aliyelipa hajui mpaka saa ile kama atatoka mshambuliaji mashuhuri, au watatoka wachezaji wa akiba ambao anao tayari. Na mchezo mpya utokapo mwaka wa pili, timu aliyoigharimia haiendi naye, huanza upya. Katika eFootball ya kampuni ya Konami, ambao tangu mwaka wa 2021 hutolewa bila ya malipo, mna pia wachezaji wasajiliwao kwa kuvuta bahati. Majina ni mengi, sura ya bei ni moja.

Na mfano wa pili ni wa kampuni ya Valve, kwani hapo tuna hisabu. Katika mchezo wao wa Counter-Strike mna, tangu mwaka wa 2013, masanduku yenye silaha zilizotiwa rangi na mapambo. Sanduku lenyewe laweza kumwangukia mchezaji bure, lakini ufunguo wake huuzwa dola 2.49. Mwaka wa 2017 sheria ya China iliwalazimisha wenye michezo kutangaza nisba ya kila kitu kilichomo masandukuni. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba visu, ambavyo ndivyo vitamaniwavyo na wote, hutoka mara 0.26 tu katika mia, yaani kadiri ya mara moja katika masanduku 390. Funguo 390 ni dola 971. Na huo ni wastani, si ahadi. Wakiwapo watu mia, na kila mmoja akafungua masanduku 390, hisabu yaonyesha kwamba watu 37 katika wao hawatakiona kisu hata mara moja. Nacho si kisu cha kukatia samaki wala cha kukunia nazi. Ni rangi juu ya kioo.

Suala: Mtu akisema, hii si kamari, kwani mcheza kamari hupata au hukosa, na afunguaye pakiti hakosi kitu, daima hutoka na karata.

Jawabu: Aliyenunua kwa kijiwe naye hakukosa nguo. Lau kupata kitu chochote kungalitosha kuihalalisha bei, Mtume (S.A.W.) asingaliikataza ile. Sheria haikuuliza tu kama mnunuzi alirudi mikono mitupu. Imeuliza kama alikijua alichokitolea fedha. Na tuseme kweli: hapana kijana anunuaye pakiti kwa kuwataka wale wachezaji wa akiba. Alilolilipia ni ile tamaa ya kwamba huenda akatoka yule mmoja. Ukimwambia kabla hajalipa kwamba atapata wa akiba, fedha yake itabaki mfukoni.

Suala: Na nisba zikitangazwa, kama zilivyotangazwa huko China, si gharari imeondoka?

Jawabu: Haikuondoka. Kujua nisba si kukijua kiuzwacho. Na hili twalifahamu vyema tukiitazama maisiri ya Waarabu wa Jahiliya, ambayo Kurani imeiharimisha katika Suratul Maida, aya ya 90. Wafasiri wameeleza ilivyokuwa. Walikuwa wakimnunua ngamia wakamchinja, wakaleta mishale kumi. Saba ilikuwa na mafungu, fungu moja mpaka mafungu saba, na mitatu ilikuwa mitupu. Kila mtu mshale wake. Waliotokewa na mitupu ndio waliolipa thamani ya ngamia. Basi hapo hapakuwa na siri yoyote katika nisba. Kila mmoja alijua ni mingapi yenye kitu na ni mingapi mitupu, kuliko ajuavyo leo kijana mwenye simu. Bali wamesema wafasiri kwamba walioshinda walikuwa wakiwapa masikini ile nyama na kujifakhari kwa hilo. Na juu ya hayo ikaharimishwa. Suratul Bakara, aya ya 219, imekiri kwamba mna manufaa humo, kisha ikahukumu kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Basi ajitetee vipi yule ambaye katika maisiri yake hapana hata masikini aliyekula nyama?

Suala: Mbona serikali za Ulaya zimekhitalifiana, na nyingine zimeruhusu?

Jawabu: Ni kweli wamekhitalifiana, na khitilafu yao ina mafunzo. Tume ya kamari ya Ubelgiji ilihukumu mwezi wa Aprili 2018 kwamba masanduku ya kulipia ni kamari, na Electronic Arts ikaacha kuuza pointi zake katika nchi ile mwanzo wa mwaka wa 2019. Uingereza, mwezi wa Julai 2022, serikali ilikataa kubadilisha sheria yake ya kamari kwa ajili ya masanduku haya. Uholanzi kampuni ilitozwa faini ya yuro milioni 10, kisha mahakama ya juu ikaifuta mwezi wa Machi 2022. Hoja ya mahakama ile ilikuwa kwamba pakiti si mchezo peke yake, ni sehemu ya mchezo mkubwa wa mpira, na mchezo huo ni wa ustadi, si wa bahati.

Hoja hii si ya mjinga, na mafakihi wetu wa madhehebu ya Shafii wameijua mizani yake karne nyingi kabla ya kompyuta. Wao wamepambanua baina ya nardi na shatranji. Nardi, ambayo huendeshwa na dadu, wameiharimisha kwa Hadithi iliyo katika Muslim. Na shatranji, ambayo huendeshwa na fikra, wameiona ni makruhu tu, maadamu haina dau wala haimpitishi mtu wakati wa sala. Na kwa mizani hiyo bao letu la kete liko upande wa shatranji, kwa kuwa mshindi wa bao hushinda kwa hisabu. (Na wale waharimishao kila kinachowaka kioo, bila ya kutafuta kilichomo, wangefanya vyema kupitia mlango huu tena.) Mchezo wa mpira wa kwenye kioo, mtu akiucheza na mwenziwe bila ya dau, ni wa jicho na mkono na fikra, wala hatusemi kwamba ni haramu. Lakini hapo kuna mambo mawili, si moja. Kucheza ni jambo lake. Kununua pakiti ni akdi nyingine, yenye thamani yake na kiuzwacho chake. Mtu akicheza bao barazani, kisha akamnunua kwa mwenziwe samaki ambaye hajavuliwa, uhalali wa bao hautamhalalishia samaki. Ustadi wote wa dunia haumsaidii mtu katika kufungua pakiti. Kidole cha bingwa na kidole cha mtoto mchanga ni sawa sawa hapo.

Basi kilicho halali ni kipi? Kununua mchezo wenyewe kwa fedha maalumu, ikiwa hamna ndani yake uchafu, ni halali. Kununua ndani ya mchezo kitu kionekanacho, jezi hii au mchezaji huyu kwa kiasi hiki, ni bei iliyo wazi. Kilichobaki ni kuogopa israfu. Sanduku ambalo mtu hakulitolea kitu kabisa, si fedha wala pointi za fedha, si bei. Hata Electronic Arts wenyewe, mwezi wa Juni 2021, walileta katika FIFA 21 pakiti ambazo mtu huoneshwa kwanza kilichomo, ndipo akachagua kulipa au kuacha. Hiyo imekaribia bei ya watu wenye akili, nayo ni dalili kwamba kuuza kwa uwazi kwawezekana, hakuwashindi.

Limebaki jambo la watoto, nalo kwetu ndilo zito zaidi. Katika madhehebu yetu bei ya mtoto asiyebaleghe haisihi, hata akiwa mwerevu kuliko babake. Lakini simu haimwulizi umri wake kwa unyofu. Imeshahifadhi kadi ya baba au pesa zake za simu, na hapana kilichobaki ila kidole. Na wenye michezo wanajua. Mwezi wa Disemba 2022 idara ya Marekani ilindayo wanunuzi ilitangaza kwamba kampuni ya Epic Games, yenye mchezo wa Fortnite, imekubali kulipa dola milioni 245 za kuwarejeshea wanunuzi. Tuhuma ilikuwa kwamba vitufe vyake vilipangwa hata watu wakanunua wasichokikusudia, na watoto wakanunua bila ya idhini ya wazazi wao. Ridhaa ni nguzo ya bei. Suratun Nisaa, aya ya 29, imeshurutisha maridhiano. Kitufe kilichowekwa mahali pa kubonyezwa kwa bahati mbaya hakina ridhaa ndani yake. Basi baba asimpe mtoto simu iliyofunguliwa mlango wa malipo. Aweke neno la siri katika kila ununuzi, na neno hilo alijue yeye peke yake. Na khabari za malipo zikimjia azisome siku ile ile, asingoje mwisho wa mwezi. Mtoto aliyezoea akiwa na miaka kumi kulipa kwa tamaa ya kufungua, akifika miaka ishirini wenye kamari za mpira hawatakuwa na kazi kubwa ya kumfundisha.

Suala la mwisho: Aliyekwisha nunua pakiti nyingi kabla hajajua hukumu yake, afanye nini na alivyovipata?

Jawabu: Kwanza aache, na atubie. Kama muda wa kurejeshewa fedha haujapita, aombe arejeshewe, kwani bei iliyoharibika asili yake ni kila mtu kurejewa na chake. Muda ukiwa umepita, hatuoni kwamba yamlazimu kuufuta mchezo kwa ajili ya karata zile. Lakini asimwuzie mtu akaunti yake kwa faida ya yale yaliyotoka masandukuni, kama wafanyavyo baadhi ya vijana, maana hapo ameigeuza bahati yake kuwa fedha, na ile hoja ya kwamba ni mchezo tu hawezi kuisema tena. Wallahu aalam.